Mkasi wa Spika

Kila siku saa kumi jioni, jua likishaacha kuchoma kibaraza, watu watatu waliacha kazi zao wakaja kuitawala nchi kutoka kwenye benchi la Fundi. Wa kwanza alikuwa Kinyozi, ambaye duka lake lilipakana na kibaraza hicho ukuta kwa ukuta, na alikuja na aproni yake ikiwa bado imejaa nywele za watu. Wa pili alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyekuwa hawezi kuona karatasi bila kutafuta kosa. Wa tatu alitengeneza baiskeli ng'ambo ya barabara, na mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kugundua anazimwa wapi.

Fundi mwenyewe hakukaa kwenye benchi. Alikaa nyuma ya cherehani yake, futi ya kitambaa shingoni, pini mdomoni, akawaacha waseme. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hakuolewa, na ukimuuliza kwa nini alikuambia hajapata aliyemkaa vizuri mabegani. Nyuma yake kulikuwa na dirisha la chumba cha mama yake. Miguu ya Mama ilikuwa imegoma mwaka wa nne sasa, basi dirisha hilo ndilo lililokuwa soko lake, barabara yake na safari zake zote, na jioni liligeuka kuwa kiti cha upinzani. Hakuna hoja iliyopita pale kibarazani bila Mama kuitia mchanga kwanza.

Walijiita Kikao. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye taratibu. Mmoja alitoa hoja, mwingine akaunga mkono, halafu wakabishana mpaka mate yakauka. Kilichomaliza mjadala ni mkasi wa Fundi. Ulikuwa mkasi mzito wa chuma, wa marehemu baba yake, na kwa miaka ishirini Fundi alikuwa na desturi moja: akimaliza mshono, anakata uzi, anaulaza mkasi mezani. Ko. Hakuwa akisikiliza wanachosema. Aliulaza kwa sababu mshono umekwisha. Lakini siku moja zamani mlio ule uliangukia mwisho wa hoja ya Redio, Kinyozi akasema Spika amegonga meza, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo hoja yoyote iliyokutwa na mkasi ilihesabika imepita. Wote watatu walisema kwa pamoja, polepole, kama watoto darasani: "Imepita." Mwalimu akaiandika kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari, akaipa namba ya mwaka huo, na akienda nyumbani aliipitisha ofisi ya mtaa na kuitumbukiza kwenye tundu la barua.

Hapo ndipo mzaha ulipokolea, kwa sababu ofisi ya mtaa haikuwa na mtu. Katika uchaguzi uliopita walishinda wawili. Kila mmoja alijitangaza, kila mmoja akaja na kufuli lake akalitia mlangoni, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kufungua mbele ya mwenzake, mlango ulikaa na makufuli mawili mwaka wa tatu huo. Vumbi lilikuwa limeyafunika mpaka tundu za funguo hazionekani. Ukitaka barua ya utambulisho, ulijitambulisha mwenyewe. Mwalimu alisema kupeleka muhtasari pale ni sawa na kumsalimia aliyelala: hupati jibu, lakini angalau una adabu.

Jibu la kwanza lilikuja wakati wa shimo.

Shimo lilikuwa katikati ya barabara, mbele ya duka la Kinyozi, na lilikuwa la siku nyingi kiasi kwamba watu walielekezana nalo. Redio alitoa hoja lizibwe, ingawa lilimletea wateja wengi kuliko kitu kingine chochote, jambo ambalo Mama hakuacha kumkumbusha kutoka dirishani. Mkasi ukalia. Kesho yake mchana Fundi alipotoka kutikisa kitambaa, barabara ilikuwa sawa. Haikuwa na kiraka, wala lami mpya, wala mchanga uliomwagika. Ilikuwa sawa tu, lami yote rangi moja, imechakaa vilevile. Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi palikuwa na karatasi ndogo yenye muhuri wa zambarau: Hoja namba kumi na moja. Imetekelezwa.

Jioni aliwapongeza. Walimtazama.

"Shimo gani, Dada Fundi?" aliuliza Kinyozi.

Alidhani wanamtania, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Akacheka peke yake. Lakini hata Mama alinyamaza kule dirishani, na Mama hakuwa mtu wa kuacha utani upite bila kuudandia. Mwalimu alikumbuka kwamba namba kumi na moja ilipita. Hakukumbuka ilihusu nini, na nakala hakuwa nayo, kwa sababu nani anaweka nakala ya mzaha. Wakaizungumzia ile karatasi ya ubaoni kwa dakika kumi, wakakubaliana kwamba serikali sasa imeanza kutekeleza mambo ambayo hakuna aliyeyaomba, na wakaenda kwenye bei ya sukari.

Baadaye likaondoka jalala la nyuma ya soko. Halafu kipaza sauti cha yule muuza godoro. Kila mara karatasi ya zambarau, na kila mara Fundi peke yake ndiye aliyejua kuna kitu kilichokuwepo. Alianza kujishuku. Alilala mchana, akanywa maji mengi, akamwambia Mama macho yanamchezea. Hadi alipoondoka mjumbe.

Mjumbe wa nyumba zao alikuwa mtu wa kuudhi, hilo halina ubishi. Aligonga milango asubuhi mapema kuuliza umelaza wageni wangapi, akaandika majina ya watu waliokuja kwenye msiba, akajipa cheo kila wiki. Kinyozi alitoa hoja aondolewe. Alimaanisha kwenye ujumbe, kama watu wote wanavyomaanisha wakisema kiongozi fulani aondolewe. Mwalimu akaandika kama ilivyosemwa: Mjumbe aondolewe. Fundi alikuwa anamalizia zipu ya gauni la mteja. Ko.

Kesho yake alasiri alichukua suruali ya mjumbe, aliyokuwa amemshonea na kubakiza vifungo tu, akaenda nayo nyumbani kwa mwenyewe aijaribu. Mkewe alimfungulia. Akaitazama ile suruali, akamtazama Fundi kwa huruma, akasema amekosea nyumba, yeye hajawahi kuolewa. Nyuma yake Fundi aliona sebule aliyoingia mara nyingi. Palipokuwa na viti viwili palikuwa na kiti kimoja, na sakafu chini yake haikuwa na alama yoyote ya kile cha pili.

Alirudi akafungua daftari lake la vipimo. Ukurasa ulikuwepo. Kiuno arobaini na mbili, mguu wa kushoto upunguzwe nusu inchi, kwa sababu mjumbe alichechemea. Maandishi yalikuwa yake. Basi hakuwa mwendawazimu, na hilo lilimtisha kuliko wazimu wenyewe. Labda alikumbuka kwa sababu ya daftari. Labda kwa sababu mkono uliokuwa unagonga ulikuwa wake. Aliitundika ile suruali kwenye msumari ukutani, na jioni Redio alipouliza ni ya nani, alisema ya mteja aliyesafiri.

Tangu siku hiyo aliulaza mkasi mapajani. Kikao kikalalamika. Hoja zilirundikana, Mwalimu akasema Spika yuko kwenye mgomo, Kinyozi akamsihi agonge japo mara moja kwa ajili ya mataa ya barabarani. Alisingizia meza imepata ufa. Wiki tatu alishinda, na katika wiki hizo tatu alianza kuamini kwamba ameweza, kwamba jambo lile lilikuwa na mlango na yeye ameusimamia.

Lakini mkono uliofanya kitu kimoja miaka ishirini hauombi ruhusa. Ilikuwa Jumanne, siku ya sare za shule. Alikuwa na sketi kumi na nne za kupinda, akili yote iko kwenye marinda, na kibarazani Mama na Kinyozi walikuwa wameshikana mashati juu ya diwani. Kinyozi alimsifu kwamba anajali vijana. Mama akamuuliza kama ni yule aliyekuja kunyolewa kwake siku ya kampeni, akapiga picha akiwa na povu kidevuni, akaondoka na taulo. Redio akacheka mpaka akateleza kwenye benchi. Kinyozi naye alicheka, maana alikuwa mtu mwepesi asiyejua kununa, na katika kucheka kule akainua mikono juu kama mtu aliyeshindwa.

"Natoa hoja," akasema, "Mama wa dirishani aondolewe, kikao kiendelee kwa amani."

Redio akaunga mkono huku akijifuta machozi. Mama mwenyewe akasema niondoeni, jamani, nikapumzike na nyuso zenu. Fundi alimaliza rinda la mwisho, akakata uzi, akaulaza mkasi mezani.

Ko.

"Imepita," wakasema.

Fundi alifungua mdomo kusema mkasi umeteleza, na papo hapo akaingia mwanamke mwenye zile sare, ana haraka, mtoto mkononi, anataka kiuno kipimwe upya. Fundi alipima bila kuona namba. Alipomaliza na kutoka kibarazani, Redio alikuwa anavuka barabara kurudi kwake na nafasi ya Mwalimu kwenye benchi ilikuwa wazi. Alitoka mbio na futi shingoni, ndara moja ikamvuka, akaiacha. Alimkuta Mwalimu karibu na ofisi ya mtaa, anapangusa mikono yake kama mtu aliyemaliza kazi.

"Nimeshaitia," alisema Mwalimu. "Namba ishirini na sita."

Fundi alimpita akaenda mpaka mlangoni, akayashika yale makufuli mawili, akayatikisa, vumbi likamjaa vidoleni. Akainama kwenye tundu la barua akachungulia. Jua la jioni lilikuwa bado linaingia kwa dirisha la nyuma, basi aliona vizuri. Viti vilipandanishwa kwenye kona. Kalenda ukutani ilikuwa ya mwaka wa uchaguzi. Vumbi sakafuni lilikuwa zito na halikuwa na unyayo hata mmoja. Lakini meza ilikuwa safi, na juu ya meza kulikuwa na kidau cha wino kimefunguliwa, na wino ulikuwa unang'aa kwa ubichi.

Karatasi ya Mwalimu ilikuwa sakafuni, chini kabisa ya tundu. Aliingiza mkono mpaka kwapani, akapapasa, ncha za vidole zikaigusa. Akaibana kati ya vidole viwili na kuanza kuivuta. Upande wa pili ikavutwa pia. Haikunyakuliwa. Ilivutwa taratibu, kama mtu aliyelala anavyovuta shuka upande wake, mpaka ikamtoka.

Usiku huo hakulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha Mama akamsikiliza anavyopumua, na Mama, ambaye hakujua lolote, alimwambia mara mbili arudi chumbani kwake kwa sababu anambana miguu.

Asubuhi aliwaita wote watatu. Haijawahi kutokea Kikao kikakaa asubuhi, kwa hiyo walikuja wakiwa na wasiwasi, Kinyozi na wembe mkononi, Redio na mikono imejaa grisi. Fundi aliwaeleza yote: shimo, jalala, kipaza sauti, mjumbe. Akawaonyesha suruali ukutani na ukurasa kwenye daftari. Alijua anavyosikika. Redio alitazama barabara akasema kwa upole kwamba hapo hapajawahi kuwa na shimo, angekuwa anajua. Mwalimu alisoma ule ukurasa mara mbili, akakiri kwamba vipimo ni vya mtu na si vya kubuni, kwa sababu hakuna anayebuni nusu inchi. Kinyozi alikuwa anamtazama Fundi usoni, na alichokiona pale kilimtosha kuliko ushahidi.

"Hoja ni yangu," alisema. "Naifuta."

Mwalimu akatikisa kichwa. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa, taratibu zilimkaa mifupani. Alisema hoja iliyokwishapita haifutwi na mtoaji. Wakitoa nyingine kwamba Mama abaki, itakuwa namba ishirini na saba, itasubiri ya ishirini na sita itekelezwe kwanza, na wakati huo atakuwa hayupo wa kubaki. Fundi alijishika kichwa. Kutoka ndani Mama aliuliza kwa nini watu wamekuja kumsumbua kabla hajanywa chai.

Halafu Mwalimu akatazama juu, kama alivyokuwa akifanya zamani akitafuta mfano wa kuandika ubaoni.

"Ipo moja tu inayotangulia zote," alisema. "Kuvunja kikao. Kikao kikivunjwa, yote yaliyobaki mezani yanakufa."

"Hata namba ishirini na sita?" aliuliza Fundi.

"Hata hiyo."

Redio aliuliza basi wao watakaa wapi jioni. Fundi akasema atawawekea viti vya plastiki, atawawekea mkeka, watakaa wanapotaka, kisiitwe kikao tu. Alisema haraka, bila kuvuta pumzi. Redio akasema kama ni viti vya plastiki yeye anataka chenye mgongo. Kinyozi akatabasamu. Akajifuta mikono kwenye aproni, akasimama wima kama mbunge kweli.

"Natoa hoja kikao hiki kivunjwe," alisema. "Ili Dada Fundi atulie."

Redio akaunga mkono. Wote wakamgeukia Spika.

Mkasi ulikuwa mkononi mwake. Miaka yote ile hakuwahi kugonga kwa kukusudia hata siku moja, na sasa mkono uliokuwa haumuombi ruhusa ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Alitazama benchi na watu wake watatu. Akatazama dirisha, ambako kivuli cha Mama kilikuwa kinajiinua polepole kitandani, kikishikilia ukuta. Na kabla hajashusha mkono, jicho lake lilipanda kwenye ile suruali ya mjumbe msumarini, likakaa pale kidogo. Alijua hoja hiyo itachukua nini, au hakujua? Swali hilo hajajijibu mpaka leo, na mimi simlazimishi. Alilodhani linamhusu pale lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa linakohoa nyuma ya dirisha likidai chai.

Ko.

"Imepita," wakasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mwalimu aliandika, akapiga mstari chini ya neno Dharura mara mbili, akaipeleka mwenyewe. Kinyozi alirudi kwa mteja wake aliyemwacha na nusu ya kichwa. Redio alivuka barabara, akageuka katikati, akapaza sauti kumkumbusha kuhusu kiti chenye mgongo. Fundi aliinua mkono kumkubalia.

Akaingia kwa Mama. Alimpa chai, akakaa kitandani, akamshika mkono, na Mama akamuuliza kama kuna mtu amekufa. Walikaa hivyo mpaka mchana. Kabla ya saa saba kidogo Fundi alisikia, kutoka upande wa ofisi ya mtaa, mlio wa kitu kinachopigwa juu ya meza ya mbao. Ko. Ulikuwa mlio wa mkasi wake hasa, kwa uzito ule ule, na mkasi ulikuwa mapajani mwake. Aliubana mkono wa Mama mpaka Mama akalalamika.

Mkono haukuondoka. Ulibaki pale, mkavu, wa moto, wenye pete iliyolegea. Fundi alilia kwa furaha, akalaza kichwa kifuani mwa Mama, na Mama akampapasa mgongo akisema haya, haya, bila kujua haya ya nini.

Baadaye alibeba viti viwili vya plastiki kutoka jikoni na kimoja chenye mgongo kutoka chumbani kwake, akatoka navyo kibarazani.

Benchi halikuwepo. Hilo alilitarajia. Lakini sakafu mahali lilipokaa miaka yote ilikuwa na rangi ile ile ya sakafu nyingine, haina hata mchubuko wa miguu yake. Alivitua viti chini. Upande wa kulia, mahali pa duka la Kinyozi, kulikuwa na ukuta wa matofali mtupu, na mzee wa nyumba ya pili alikuwa ameegemeza ngazi hapo kama mtu aliyezoea kuiegemeza. Ng'ambo ya barabara hapakuwa na baiskeli, wala magurudumu, wala Redio. Kulikuwa na lundo la kokoto na mbuzi juu yake. Alitembea mpaka nyumbani kwa Mwalimu. Alifunguliwa na mwanamke mwenye unga mikononi, asiyemjua, aliyemwambia wameishi humo mwaka wa kumi na moja na hawajawahi kusikia habari za mwalimu. Aliporudi alipita ofisi ya mtaa. Makufuli yalikuwa na alama za vidole vyake za jana. Ubaoni karatasi ilikuwa mpya, wino haujakauka: Kikao kimevunjwa. Imetekelezwa.

Hakulia tena siku ile. Alirudi, akavirudisha viti ndani kimoja kimoja, akaketi nyuma ya cherehani akafungua daftari la vipimo. Walikuwemo wote. Redio, bega la kulia limeshuka kwa kuinamia magurudumu. Mwalimu, kola ipunguzwe, shingo imekonda tangu astaafu. Kinyozi, koti la kazi, mikono mirefu kuliko desturi, mfuko wa ndani kwa ajili ya kitana. Koti hilo lilikuwa limekatwa tayari, liko kwenye fungu, bado kuunganishwa. Alilitoa akaanza kulishona, kwa sababu kazi ikishapokelewa huimalizi kwa kutazamana nayo.

Saa kumi jua liliondoka kibarazani. Kulikuwa kimya, kimya cha mahali ambapo hapajawahi kuwa na watu. Mama alisukuma dirisha akaegemea kiwiko.

"Unajua ninachokitamani?" alisema. "Watu wa kubishana nao. Serikali hii ina mambo mengi, na kila siku hapa ni mimi na wewe na hiyo mashine yako."

Fundi alisema ndiyo, Mama.

Mama akaendelea kuongea peke yake, juu ya diwani na picha zake, akasita alipofika kwenye povu na taulo, kama mtu aliyesahau hadithi aliipata kwa nani. Akaiacha. Fundi alifika mwisho wa mshono wa bega, akakata uzi, na mkasi ukawa unashuka wenyewe kuelekea mezani. Aliuzuia inchi moja juu ya mbao. Akaushikilia hapo, akitazama ukuta mtupu wa matofali.

Kule dirishani Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Hujagonga," alisema.

"Kugonga nini, Mama?"

Mama alifikiri. Midomo yake ilicheza kidogo, ikitengeneza neno ambalo hakulipata.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Lakini nasubiri."

Fundi alilikunja koti la Kinyozi mara nne, akaliweka mezani, na mkasi akaulaza juu yake usitoe mlio.